Tairi za inchi 26: Soma nambari kabla ya kununua

JE, wewe ni miongoni mwa wale wanaoendesha baiskeli ili kupunguza uzito au kutunza moyo? Basi kabla ya kutoka kesho asubuhi, inama uzitazame tairi zako. Tairi kipara huteleza barabara ikilowa, na mfupa ukivunjika, mazoezi yamekwisha.

Baiskeli nyingi za zamani za milimani zina magurudumu ya inchi 26, ilhali mpya nyingi hutumia inchi 27.5 au 29. Usiharakishe kuitupa yako. Tairi zake zingali zinatengenezwa.

Lakini jihadhari: si kila "26" ni sawa. Tazama ubavuni mwa tairi kuukuu utafute nambari kama 50-559. Ya kwanza ni upana kwa milimita. 559 ni kipenyo cha ringi pale tairi inapokaa. Upana waweza kubadilika kidogo, 559 haibadiliki. Tairi ya 26 x 1 3/8 kwa kawaida ni 590, nayo haitakufaa.

Ili kuokoa pesa, chagua tairi yenye waya wa chuma ukingoni, si ile ya kukunjwa. Kwa barabara ya lami, isiyo na meno makubwa hukuchosha kidogo. Ukiuziwa ya mtumba, ibinye ubavuni: ukiona nyufa, iache. Rahisi ni ghali.

Na ukiwa na pesa za tairi moja tu, mwambie fundi aifunge mbele. Gurudumu la mbele likiteleza, ni vigumu kujiokoa.