Mtoto wa jicho kaskazini mwa Ziwa Nyasa

Mtoto wa jicho ni ukungu unaoingia kwenye lenzi, ile sehemu angavu iliyo nyuma ya mboni. Lenzi ni maji na protini. Umri ukisogea, protini hushikamana, na kilichokuwa safi kama kioo hugeuka cha manjano, kisha kahawia, mwishowe cheupe. Hakuna maumivu. Mzee wa Matema, ufukweni mwa Ziwa Nyasa wilayani Kyela, huziona taa za wavuvi wa usipa zikitawanya miale. Baadaye hushindwa kuchagua mawe kwenye mchele wa Kyela. Mwisho hubaki kujua tu kwamba kumekucha. Jamaa husema ni uzee, na yeye hukubali. Inasikitisha, maana ugonjwa huu ndio unaoongoza kwa kupofusha watu duniani, na tiba yake ipo.

Uzee si chanzo pekee. Kisukari, matumizi ya muda mrefu ya dawa za steroidi na jicho kupigwa na kijiti shambani huweza kuuleta mapema. Mtoto mchanga naye huweza kuzaliwa nao, hasa mama akiugua rubela akiwa mjamzito.

Tiba ya kale ilikuwa sindano. Huko India, katika mafundisho yanayohusishwa na Sushruta, mganga alichoma jicho na kuisukuma lenzi ianguke ndani, mwanga upate njia. Mgonjwa aliona, ila kwa ukungu, na mara nyingi usaha ulimnyang'anya hata hicho kidogo. Yapata mwaka 1000, Ammar bin Ali wa Mosul aliandika jinsi ya kuufyonza ukungu kwa sindano yenye tundu. Mwaka 1747 Mfaransa Jacques Daviel aliitoa lenzi nje kwa kupasua. Lakini jicho lisilo na lenzi lilidai miwani minene mno.

Jibu lilitoka vitani. Daktari Mwingereza Harold Ridley aligundua kwamba vipande vya plastiki ya madirisha ya ndege vilivyoingia machoni mwa marubani vilikaa humo bila jicho kuvikataa. Novemba 1949, London, alimwekea mgonjwa lenzi ya plastiki ya aina hiyo. Wenzake wengi walimpinga kwa miaka. Leo lenzi bandia ndiyo tiba ya kawaida, na tangu viwanda vya India vilipoanza kuzitengeneza kwa bei nafuu katika miaka ya 1990, hospitali za nchi maskini nazo zimezipata.

Upasuaji wenyewe, kwa tundu dogo ambalo mara nyingi halihitaji nyuzi, humalizika ndani ya nusu saa, jicho likiwa limetiwa ganzi. Hakuna tone la dawa wala mti shamba unaoyeyusha ukungu huo, na dawa za kienyeji zinazotiwa jichoni huweza kuunguza konea (utando angavu wa mbele ya jicho), jeraha lisiloponyeka kwa lenzi.

Kwa mkazi wa Kyela kikwazo ni safari: kupandisha Tukuyu hadi hospitalini Mbeya, nauli, na mtu wa kumshika mkono. Utafiti uliofanywa Kilimanjaro ulionyesha kwamba wazee wengi hawaombi kupelekwa kwa kuogopa kuwa mzigo kwa watoto wao. Safari huanza pale mtoto mwenyewe anapoamua. Baada ya upasuaji hubaki matone ya dawa kwa wiki kadhaa, na jicho kulindwa na vumbi, mikono michafu na maji ya ziwa.