Vunjajungu na Ukungu

Nadhani hakuna mwanafunzi wa shule hii asiyemjua vunjajungu, yule mdudu wa kijani mwenye shingo ndefu, ambaye hukunja mikono yake ya mbele mithili ya mtu anayesali. Mwenzangu mmoja wa bwenini, mwenyeji wa Tanga, aliniambia kwamba kwao mtu akimgusa mdudu huyu, chombo cha kwanza atakachokishika baadaye hakina budi kuvunjika, ndiyo maana akaitwa hivyo. Siku mbili baadaye kikombe cha mwalimu wa zamu kilivunjika bwaloni. Mimi nilikuwa meza ya tatu kutoka pale, lakini hata leo wako wanaosema nikilipe.

Mwaka huu nimefuga vunjajungu watatu. Wawili walikufa kwa makosa yangu, naye wa tatu akaota mabawa. Nataka kueleza sababu ya vifo vile, maana vyote viwili vilitokana na maji. Si maji ya kunywa, bali yale yaliyomo hewani.

Mdudu huyu hana mifupa ndani ya mwili. Ganda lake la nje ndilo limshikalo, na ganda halikui. Kwa hiyo hulivua mara sita, saba au hata zaidi, tangu anapototolewa akiwa mdogo kama sisimizi mpaka apate mabawa. Siku yake ikikaribia huacha kula. Kisha hujining'iniza kichwa chini, ganda hupasuka nyuma ya shingo, naye huteremka humo polepole kama mguu utokao katika soksi. Kazi hiyo huchukua kama nusu saa, na baadaye hukaa saa kadhaa akingoja mwili mpya uwe mgumu. Hewa ikiwa kavu mno, ganda la zamani hugandamana na mwili kabla hajamaliza kutoka.

Hivyo ndivyo alivyokufa wa kwanza. Ilikuwa Julai, nanyi mwaijua Karatu ya Julai: midomo hupasuka, na vumbi jekundu huingia hata ndani ya masanduku yaliyofungwa kwa kufuli. Nilimkuta asubuhi akining'inia, miguu miwili imenaswa. Nilijaribu kumsaidia kwa sindano, nikamng'oa mguu mmoja. Jioni alikuwa amekufa. Tafadhali, usimguse kamwe vunjajungu anayevua ganda, hata ukimwonea huruma namna gani.

Kwa wa pili nilifanya kinyume. Nilimtia katika chupa ya kioo yenye kifuniko, nikaweka pamba iliyolowa maji, nikatoboa matundu matatu madogo, nikajiona hodari. Kioo kililia maji usiku na mchana. Siku ya tano mabaki ya nzi aliowala yalikuwa yameota manyoya meupe, na siku ya saba mdudu mwenyewe alikuwa amelala chini, ameoza tumbo.

Kiswahili chetu kina neno moja, ukungu, kwa mambo mawili: ule unaofunika mlima asubuhi, na ule unaoota juu ya mkate uliosahauliwa. Sikupata kufikiri juu ya jambo hilo mpaka Agosti, darasa letu lilipopelekwa kuitazama Kreta ya Ngorongoro. Karatu iko kwenye mwinuko wa mita 1,500 hivi, na ukingo wa kreta unapita mita 2,200. Tulitoka hapa katika vumbi. Tulipopita lango na kuanza kupanda, dereva aliwasha taa, maana ukungu ulikuwa mzito na majani ya msituni yalidondosha maji ingawa hapakuwa na mvua. Mwalimu alitueleza kwamba upepo wa kusi, utokao Bahari ya Hindi, hulazimika kupanda mlima huo; ukipanda hupoa, na hewa baridi haiwezi kubeba mvuke mwingi kama hewa ya joto. Basi maji huachwa msituni upande huu, na upande wa pili, kuelekea Olduvai, ni nchi kavu. Tulipokuwa tukirudi saa nane, jua lilikuwa limetoka na majani yale yale yalikuwa makavu. Hapo ndipo nilipoona kosa la chupa yangu: mlimani ukungu huja, kisha huondoka.

Wa tatu nilimpata katika bustani ya mboga ya shule. (Ndani ya Hifadhi ya Ngorongoro hairuhusiwi kuchukua mdudu wala jani.) Nilikata juu dumu la lita tano lenye kuonekana ndani, nikafunika kwa kipande cha chandarua kikuukuu, hewa ipite naye apate mahali pa kushika. Kimo cha nyumba yake kiwe angalau mara tatu ya urefu wake, la sivyo atagonga chini akiteremka. Alfajiri na jioni nilichovya mswaki mpya katika maji, nikaukwangua kwa kidole ili manyunyu yaangukie ukutani mwa dumu; matone hayo aliyanywa. Kufikia saa nne asubuhi kila kitu kiwe kimekauka. Mabaki ya chakula nilitoa kila siku.

Kupima, niliazima maabara vipimajoto viwili, kimoja nikakivika utambi wa pamba uliochovywa majini. Hewa ikiwa kavu, maji ya utambi hukauka upesi na kukipoza kipimajoto hicho. Alasiri moja kikavu kilisema 25 na chenye utambi 16, yaani unyevu wa asilimia 40 hivi. Alfajiri ndani ya dumu vilisema 14 na 13, karibu asilimia 90. Vunjajungu wengi hutosheka na kati ya 50 na 70, lakini sikuhangaika na wastani. Nilitazama tu kwamba usiku kuna maji na mchana hakuna.

Alivua ganda la mwisho Septemba, usiku, sisi tumelala. Asubuhi nilimkuta na mabawa manne, bado laini kama karatasi iliyolowa, na ganda tupu likining'inia karibu naye lenye miguu yote sita.

Sasa mtihani umekaribia, nami nimemrudisha bustanini, penye sukuma wiki. Dumu na chandarua viko juu ya kabati la maabara. Kipimajoto kimoja tayari kimedaiwa.