Tisa na Robo Tatu

"Mjomba, sasa ukuta wenyewe uko wapi?"

Mpwa wangu alikuja likizo kutoka Dar es Salaam. Ana miaka 14, na vitabu vyote saba vya Harry Potter amevisoma mpaka majalada yamelegea. Tulikuwa tumepanga foleni karibu saa nzima katika stesheni ya King's Cross, London, mbele ya toroli la mizigo lililokatwa nusu na kupachikwa ukutani, lionekane linazama kwenye matofali. Kijana wa dukani humvisha mgeni skafu, hushika ncha yake, na picha inapopigwa huirusha hewani ili mtu aonekane anakimbia. Mpwa wangu akarushiwa yake, akacheka, akapata picha. Kisha ndipo akanigeukia na swali hilo. Kitabuni ukuta wa kupenya kwenda jukwaa la tisa na robo tatu uko kati ya jukwaa la 9 na la 10, na pale tulipokuwa tumesimama hapakuwa na jukwaa wala treni. Ni ukumbi wa abiria, hatua chache kutoka duka la zawadi.

Karibu kila mgeni ninayemtembeza huniuliza hivyo, wakubwa kwa wadogo. Mimi ni mwalimu wa fasihi. Kuwapeleka watu kwenye mahali palipotajwa vitabuni kulianza kama hisani kwa ndugu na jamaa, siku hizi kumekuwa nusu ya kazi. Na jambo la kwanza ninalowaambia ni hili: kabla hujakata tiketi ya kwenda popote, uliza kama hapo ni pa kalamu au ni pa kamera. Pa kalamu ni pale mwandishi alipoishi, alipopita, au alipopataja kwa jina. Pa kamera ni pale ambapo watu wa sinema walipakodi kwa siku chache kwa sababu palifanana na kilichoandikwa. Matangazo ya utalii hayatenganishi hivi viwili, na hayana sababu ya kuvitenganisha.

King's Cross ni pa kalamu kwelikweli. J.K. Rowling amesimulia kwamba wazazi wake walikutana ndani ya treni iliyotoka stesheni hiyo, na kwamba wazo la mtoto mchawi lilimjia mwaka 1990 ndani ya treni nyingine iliyochelewa, akitoka Manchester kwenda London. Alipohitaji mlango wa kuingilia dunia yake, akauweka King's Cross. Kasoro ni moja tu: alipokuwa akiandika hakuwa London, na kichwani akaichanganya na Euston, stesheni jirani, mwendo wa robo saa kwa miguu. Amekiri mwenyewe. Majukwaa 9 na 10 ya kweli yalikuwa kwenye banda la pembeni la treni za vitongojini, na katikati yake palipita reli. Ukuta wa kupenya na toroli haukuwapo.

Kamera nayo ikaja na mambo yake. Filamu ya kwanza, iliyotoka 2001, ilipigwa kwenye jukwaa la 4 na la 5, katika banda kuu lililofunguliwa 1852, kwenye nguzo za matofali zinazofaa. Namba zikabadilishwa kwa ajili ya picha. Katika ya pili, gari la akina Weasley, familia ya Ron rafiki yake Harry, linapopaa, jengo linaloonekana nyuma yake si King's Cross kabisa. Ni St Pancras, iliyo upande wa pili wa barabara, yenye minara na matofali mekundu, iliyo nzuri zaidi kwa macho. Kila nikipita hapo nakuta watu wanapiga picha St Pancras na kuiandika King's Cross. Siwasahihishi. Ila mpwa wangu nilimwonyesha kitu kimoja: tangu 2010 stesheni hiyo ina jukwaa namba sifuri, la kweli, lenye treni na abiria wake. Lilimchekesha kuliko la tisa na robo tatu.

Ukishaielewa King's Cross, mengine yote yanajipanga. Shule ya Hogwarts anakosoma Harry, kwa maelezo ya mwandishi mwenyewe, iko Uskoti. Kwa hiyo kila jiwe la Hogwarts unaloligusa ndani ya Uingereza hii ya kusini mwa mpaka limeletwa na kamera. Mahali pa kalamu ni pachache na hapana mvuto wa kuuza tiketi. Kuna kijiji cha Tutshill, karibu na mpaka wa Wales, alikokulia. Jina lake ameliazima kwa timu moja ya kwidichi, mchezo wa wachawi wake. Kuna mtaa wa Clapham Junction, London, ambako alipanga chumba juu ya duka la vifaa vya michezo, na mwaka 2020 alisema matofali ya kwanza ya Hogwarts yalipangwa humo. Alisema hivyo kwa kuwa wakati huo kila mji ulikuwa unadai Harry Potter kazaliwa kwake, hata duka moja la vitabu la Porto, Ureno, ambalo hakuwahi kuingia. Ukienda Clapham Junction utaona mtaa wenye maduka na mabasi, basi.

Kamera, kwa upande wake, haina aibu. Katika filamu ya sita, wafuasi wa Voldemort, adui wa Harry, wanaliangusha Daraja la Milenia, lile la waenda kwa miguu linalovuka Mto Thames kuelekea Kanisa Kuu la Mtakatifu Paulo. Matukio ya kitabu cha sita huanza 1996. Daraja lilifunguliwa Juni 2000, likafungwa siku mbili baadaye kwa sababu lilikuwa linayumba chini ya miguu ya watu, likafunguliwa tena 2002. Wachawi wameangusha daraja ambalo lilikuwa halijajengwa. Kitabuni daraja linaloanguka ni jingine kabisa, la kubuni.

Je, mahali pa kamera pasitembelewe? Hapana, mimi huwapeleka watu huko kila msimu. Ila huwaambia waende wakijua kwamba watu wa sinema hawakupachagua bure. Mara nyingi pana kisa chake cha zamani, kikubwa kuliko dakika mbili za filamu. Anayetafuta Hogwarts yenyewe aende Leavesden, karibu na Watford, kwenye studio zilizokuwa kiwanda cha ndege wakati wa Vita Kuu ya Pili na kufunguliwa kwa wageni 2012. Hogwarts iko humo, ya mbao, plasta na rangi, pamoja na kasri la mfano lililojengwa kwa kipimo cha moja kwa ishirini na nne. Tiketi hukatwa mapema. Ukifika mlangoni mikono mitupu utarudi ulikotoka.

Kaskazini kabisa, karibu saa nne kwa treni kutoka London, kuna ngome ya Alnwick. Ukoo wa Percy umeimiliki tangu 1309 na bado unaishi humo. Somo la kwanza la kuruka kwa fagio lilipigwa picha kwenye uwanja wake, na leo wageni hupewa somo hilo hilo, wakipanda fagio na kuruka kidogo ili picha iwanase wakiwa hewani. Sisi tuliokulia Tanga au Sumbawanga tunajua kuwa mchawi husafiri kwa ungo, tena usiku wa manane, na akianguka juu ya paa la mtu asubuhi yake ni habari ya mjini. Nilimwona baba mmoja kutoka Morogoro akiwatazama wanawe juu ya mafagio yao, akatikisa kichwa: "Hawa wamelipia kabisa?"

Neno lenyewe, mchawi, lina uzito kwetu, na msidhani Waingereza wote walilichukulia kwa wepesi. Kanisa Kuu la Gloucester lilipokubali njia zake ziwe ushoroba wa Hogwarts, wapo waumini waliolalamika kwamba nyumba ya Mungu imekodishwa kwa uchawi. Filamu ikapigwa hata hivyo, na alama za kisasa kama taa na makufuli zikafichwa. Nakushauri ufike. Njia hizo nne zimezunguka bustani ndogo, na dari lake ni la mawe yaliyochongwa katika karne ya 14 yakachanua kutoka kwenye kila nguzo kama jani la mvumo lililofumbuliwa. Ni miongoni mwa madari ya kwanza ya aina hiyo kujengwa, na mtindo ulienea nchi nzima baadaye. Upande wa kusini kuna vijisebule 20 vya mawe, kila kimoja kikitosha mtu mmoja na kitabu chake: humo watawa walikaa kusoma na kunakili, mwanga ukiingia kwa dirisha dogo. Upande wa kaskazini kuna karai refu la mawe walikonawa mikono kabla ya kula. Wageni hujibanza humo wapigwe picha, kwa kuwa ndimo Harry na Ron walimojificha. Gusa ukingo wa karai lile. Umelainika kama jiwe la kusagia la nyanya zetu.

Oxford kuna jambo linaloniudhi kidogo. Chuo cha Christ Church, kilichoanzishwa na Kadinali Wolsey 1525, hujaa watu wanaotaka ngazi ambako Profesa McGonagall huwapokea wanafunzi wapya, na ngazi hizo kweli ndizo. Juu yake kuna bwalo, na hapo hutafuta mishumaa inayoelea. Bwalo la kwenye filamu lilijengwa Leavesden kwa kuiga sura ya hili. Watu hushusha pumzi, hupiga picha moja, huondoka. Na wanaondoka bila kujua kwamba walisimama mahali pa kalamu pasipo kifani. Humu ndimo alimokula kwa miaka mingi mwalimu wa hesabu aitwaye Charles Dodgson, ambaye dunia inamjua kwa jina la Lewis Carroll. Mkuu wa chuo alikuwa na binti aitwaye Alice. Julai 1862 Dodgson akawapandisha Alice na dada zake mashuani, akawasimulia kisa, na 1865 kikawa kitabu. Ukiinua macho utamwona Alice kwenye kioo cha rangi cha dirisha mojawapo. Ukitazama mahali pa moto utaona vyuma viwili vya kuegeshea kuni vyenye shingo ndefu kupita kiasi; inasemekana ndivyo vilivyomtia mwandishi wazo la msichana anayerefuka shingo.

Kwa msomaji wa Kiswahili pale ni karibu na nyumbani. Msichana huyo tulimpata kwa lugha yetu 1940, kwa jina la Elisi katika Nchi ya Ajabu, na 2015 Ida Hadjivayanis akamtafsiri upya kuwa Alisi. Mama mkubwa wangu aliifundishia nakala ya ile ya kwanza shuleni kwake. Mpwa wangu, aliyekuja kwa ajili ya Harry, alibaki chini ya dirisha lile mpaka mlinzi akamwomba ajisogeze apishe wengine.

Mtu mwenye siku moja tu na nauli ya safari moja nitampeleka Lacock, kijiji cha Wiltshire. Unashuka Chippenham, treni ya kutoka Paddington, halafu unachukua basi. Karibu nyumba zote za kijiji ni mali ya shirika la urithi la National Trust, na kamera imezitumia sana, ikiwemo nyumba ya wazazi wa Harry. Watu wanaishi ndani, usichungulie madirishani. Nenda moja kwa moja kwenye monasteri ya masista, iliyoanzishwa 1232 na mwanamke tajiri aitwaye Ela. Katika chumba cha kuotea moto, ambacho ni miongoni mwa vyumba vichache masista walimoruhusiwa kuwasha moto, kuna sufuria kubwa ambayo mtu mzima anaweza kuketi ndani. Chumba hicho kwenye filamu ni darasa la Profesa Quirrell, na kila mgeni huamini sufuria imeachwa na watu wa sinema. Iliyeyushwa na kumwagwa kwenye kalibu mjini Mechelen mwaka 1500.

Kisha panda juu. Watawa waliondolewa 1539, monasteri ikawa makazi ya watu, na katika karne ya 19 mwenye nyumba alikuwa William Henry Fox Talbot. Agosti 1835 alichukua kijisanduku cha mbao, akaweka ndani karatasi iliyopakwa chumvi ya fedha, akakielekeza kwenye dirisha la katikati la ukumbi wa kusini. Kilichotokea ndiyo negativu ya zamani kuliko zote zilizobaki duniani, ndogo kama stempu ya posta. Picha, filamu, sinema zote zilizokuja kukodi monasteri hiyo zaidi ya miaka 160 baadaye zilipita njia iliyofunguliwa hapo. Kamera ilikuwa imerudi kwao na haikusema.

Talbot aliandika kando ya negativu yake kwamba ilipokuwa mpya, mtu mwenye lenzi angeweza kuhesabu vipande vya kioo vya dirisha hilo, karibu 200. Dirisha bado lipo. Mimi nimehesabu mara mbili nikapata jumla mbili tofauti, mpwa wangu akapata ya tatu. Ukifika, hesabu na wewe, halafu uniandikie.