Protini moja, majina matatu

TUSEME bibi mmoja wa Kibokoni, Mji wa Kale, Mombasa, ana kadi tatu za hospitali. Kwenye kitambulisho yeye ni Fatma, jirani humwita Mwanakombo, na zahanati moja ilimwandika Mama Swaleh. Daktari mwenye kadi moja tu hatajua kuwa kwingine iliandikwa kwamba dawa fulani humdhuru. Naye karani atahesabu wagonjwa watatu.

Shida kama hiyo huwapata wanasayansi wanaochunguza protini za mwili. Binadamu ana jeni karibu 20,000 zenye maagizo ya kutengeneza protini, na protini hufanya kazi kwa kushikana. Habari za ipi hushikana na ipi zimetawanyika katika hazina nyingi za kompyuta, zikiwemo IntAct, BioGRID na STRING.

Chukua malaria, ugonjwa tunaoujua sana Pwani. Mwaka 2011 watafiti wa Taasisi ya Sanger, Uingereza, pamoja na wenzao, walitangaza kwamba kimelea hakiingii katika chembe nyekundu ya damu mpaka protini yake, RH5, ishikane na protini ya chembe hiyo iitwayo basijini. Hiyo ni kama ufunguo na kitasa.

Lakini basijini hiyo hiyo huitwa CD147 na wataalamu wa kinga ya mwili, na EMMPRIN na wachunguzi wa saratani. Anayetaka dawa ya kuziba kitasa hicho sharti ajue kazi zake nyingine mwilini, asije akaponya huku akaharibu kule. Chanjo inayolenga ufunguo wenyewe, RH5, tayari imejaribiwa Bagamoyo, Tanzania, na matokeo yakachapishwa mwaka 2023.

Basi hazina huunganishwaje? Kwanza, kila protini hupewa nambari moja; ya basijini katika orodha ya UniProt ni P35613. Pili, jaribio lililonakiliwa katika hazina mbili huhesabiwa mara moja tu, lisionekane kama ushahidi wa mashahidi wawili. Tatu, huandikwa kama jambo lilionekana maabarani au ni makisio ya kompyuta tu.

Nawe msomaji, uendapo hospitali toa jina lile lile la kitambulisho, na ubebe kadi zako za zamani. Usiku, usisahau chandarua.