Michezo Inayowafaa Watoto Wadogo

Wengi wenu huachiwa wadogo zenu wakati wazazi wamekwenda shambani au sokoni. Mtoto hupenda kucheza, lakini si kila mchezo unaokufaa wewe unamfaa yeye. Katika somo hili tutajifunza sababu zake.

Mwili hukua hatua kwa hatua. Mtoto wa miezi 3 au 4 huanza kushika vitu. Afikishapo karibu miezi 6 huanza kuketi, na kila akishikacho hukitia kinywani. Hivyo ndivyo anavyojifunza. Mwimbie, au ufunike uso wako kwa khanga kisha uufunue. Mpe kikombe safi cha plastiki akichezee.

Mtoto wa mwaka 1 hadi 2 hujifunza kutembea. Humfaa mpira wa matambara na sanduku jepesi la kusukuma. Mtoto wa miaka 3 hadi 5 hupenda kukimbia, kuruka na kufinyanga udongo. Apatapo miaka 6 au 7 huweza kufuata sheria za mchezo, kama vile rede na kuruka kamba. Mchezo wa bao huhitaji hesabu na subira, kwa hiyo huwafaa walio wakubwa zaidi.

Hatari ya vitu vidogo

Njia ya hewa ya mtoto mdogo ni nyembamba. Kete ya bao, gololi, kifungo au punje ya mahindi huweza kuiziba, na mtoto akakosa pumzi.

Jaribio

Kunja karatasi ngumu iwe bomba lenye upana wa sentimeta 4. Jaribu kupitisha humo gololi, kete, kizibo cha soda na mpira wa matambara. Kitu kipitacho asipewe mtoto aliye chini ya miaka 3. Ukimaliza kucheza bao, hesabu kete zote kabla ya kuondoka.

Mtoto akipaliwa

Akikohoa kwa nguvu, mwache akohoe, nawe ukae karibu naye. Asipoweza kulia wala kukohoa, paza sauti upesi kumwita mtu mzima. Ikiwa hajatimiza mwaka 1, mlaze kifudifudi juu ya mkono wako, kichwa kikiwa chini ya kifua nawe ukikishikilia. Mpige kwa kiganja mara 5 katikati ya mabega. Usitie kidole kooni kutafuta kitu usichokiona, maana waweza kukisukuma ndani zaidi.

Maswali

1. Kwa nini mtoto wa miezi 6 hutia vitu kinywani?
2. Taja vitu vitatu vya nyumbani kwenu ambavyo hupita katika bomba lako. Vinawekwa wapi?
3. Mdogo wako ana miaka 2, nawe wataka kucheza gololi na wenzako. Utafanya nini?