Spirulina Haichukui Nafasi ya ARV

Homa Bay na Migori ni miongoni mwa kaunti za Kenya zilizoathiriwa zaidi na virusi vya ukimwi, kwa hiyo ahadi ya kuongeza kinga ya mwili haikosi wasikilizaji huku. Mkazi wa Awendo anayeshawishiwa kununua unga wa kijani wa spirulina anastahili kuambiwa ukweli: ni chakula kizuri, lakini haijathibitika kuwa dawa. Spirulina ni aina ya mwani wa kijani-buluu, ileile inayolisha flamingo wa Ziwa Bogoria na inayovunwa na wanawake wa Kikanembu huko Ziwa Chad. Zaidi ya nusu ya uzito wake mkavu ni protini, na bila protini mwili hauwezi kutengeneza chembe za kinga. Faida yake iliyo wazi inaanzia hapo.

Je, ina nguvu nyingine zaidi ya lishe? Watetezi wake hutaja utafiti wa Yaoundé, Kameruni, uliochapishwa mwaka 2015, ambapo chembe za kinga ziitwazo CD4 za waliokula spirulina ziliongezeka. Hoja hiyo ina uzito, ila wenzao waliolinganishwa nao walipewa mlo wa kawaida tu, hivyo huenda ni protini iliyoleta tofauti. Katika jaribio jingine la mji huohuo, la mwaka 2014, wanawake 73 wenye virusi walishiriki. Baadhi walipewa gramu 5 za spirulina kila siku, wengine kirutubisho chenye protini sawa. Baada ya miezi 3, CD4 na wingi wa virusi havikutofautiana kati ya makundi hayo mawili.

Wapo wasemao kwamba kitu cha asili hakidhuru. Lakini mwani wa jamii hiyohiyo, uitwao Microcystis, hutanda katika Ghuba ya Winam na kutoa sumu inayoharibu ini, ambayo haiondoki kwa kuchemsha maji. Kule Oregon, Marekani, sampuli 87 za virutubisho vya mwani wa ziwani zilipimwa, na 85 zikakutwa na sumu hiyo. Matokeo yalichapishwa mwaka 2000. Tena, kwa mtu ambaye kinga yake hushambulia mwili wake mwenyewe, kama mgonjwa wa lupus, kuichochea ni hatari. Basi usinunue unga usiojulikana ulikozalishwa, na mweleze daktari unachotumia. Omena, maharagwe na mayai hutoa protini pia. ARV, yaani dawa za kupunguza makali ya virusi, hutolewa bure katika hospitali za umma: usiziache hata siku moja kwa ajili ya unga wowote.