Mshipi na chambo bandia: Njia ya kuingia uvuvi wa sangara bila deni

KIJANA wa Kaagya, wilayani Bukoba, anayetaka kuongeza kipato nje ya kahawa na migomba hulitazama Ziwa Victoria. Njia iliyozoeleka huko ni kukopeshwa nyavu na wakala wa samaki. Mara nyingi mkopo huo huwa na sharti: sangara wote wauzwe kwa wakala huyo, kwa bei anayopanga yeye. Nyavu zikiibwa au kuchukuliwa na dhoruba, deni hubaki pale pale.

Ipo njia nyingine inayohitaji mtumbwi mdogo wa makasia, mshipi imara na subira ya kujifunza. Ndoano huwekewa risasi kichwani ili izame, kisha hufungwa manyoya au utepe wa plastiki ifanane na furu au dagaa, chakula cha sangara. Chambo bandia si kigeni ziwani. Watalii katika Hifadhi ya Taifa ya Kisiwa cha Rubondo, iliyoanzishwa mwaka 1977, hukitumia kuvua sangara kwa kibali. Kwao ni burudani, lakini kwa mvuvi mdogo inaweza kuwa biashara.

Jinsi ya kuvua

Chambo hushushwa mpaka kiguse chini, huinuliwa kiasi cha urefu wa mkono, kisha huachwa kishuke tena. Sangara hukikamata zaidi wakati kinashuka, hivyo mshipi usilegee. Mvuvi akihisi mguso avute mara moja kwa nguvu, kisha amwachie samaki mkubwa mshipi kidogo kidogo hadi achoke.

Mshipi usizungushiwe mkononi wala kufungwa kiunoni. Sangara anaweza kupita kilo 100, na mtumbwi mdogo hupinduka kwa urahisi. Boya la kujiokolea ni la lazima.

Sangara huotea samaki wadogo kandokando ya miamba. Juni hadi Agosti, upepo wa kusini huchanganya maji na hewa ya oksijeni hufika chini. Miezi ya joto, maji ya kina kirefu hupungukiwa hewa hiyo na samaki husogea juu. Kwa hiyo anayeshusha chambo kina kile kile mwaka mzima hupoteza muda. Aidha, upepo huo wa Juni hadi Agosti ni hatari kwa mtumbwi mdogo. Ukianza kuvuma, arudi pwani.

Hesabu kwanza

Miamba inayoficha sangara ndiyo hiyo hiyo inayokata ndoano. Kwa sababu hiyo, anayejifunza aandike kila siku ndoano zilizopotea, mshipi uliokatika, barafu, nauli na siku zake za kazi. Mwisho wa mwezi agawanye jumla hiyo kwa kilo alizouza. Jibu ndilo gharama ya kilo moja. Bei ya mwaloni ikiwa chini ya hapo, anavua kwa hasara hata kama anarudi na samaki.

Asisahau bondo. Bondo la sangara lina soko lake Asia, na samaki mkubwa akiuzwa mzima, thamani hiyo huenda kwa mnunuzi. Ni vema aulize bei ya bondo kabla ya kukubali bei ya samaki.

Sheria ya Uvuvi Namba 22 ya mwaka 2003 inataka mvuvi awe na leseni, na sangara wa chini ya sentimeta 50 haruhusiwi kuvuliwa. Hapa mshipi una faida: samaki mdogo aliyenaswa maji mafupi anaweza kurudishwa akiwa hai, wakati wavuni mara nyingi hukutwa amekufa.

Mshipi hautaleta shehena kama nyavu, na zipo siku za kurudi mikono mitupu. Hivyo basi, mkulima asiache shamba lake. Aanze kwa siku chache za wiki, mavuno ya kahawa yaendelee kulisha nyumba, na daftari ndilo limwambie kama aongeze mshipi wa pili. Samaki atakayempata atakuwa wake, amuuze kwa anayetoa bei nzuri.